Robo ya Mama

Jumatatu saa tatu asubuhi, Sikujua alikuwa amemwinamia mteja katika saluni ya Umbilo Road, anamsuka rasta ndefu, wakati simu ilipomletea jibu la ofisi ya uhamiaji. Alilisoma kwa jicho moja, nywele bado ziko mkononi. Kipato chake, jibu lilisema, kimehakikiwa na kinatosha robo ya mwombaji.

Mwombaji alikuwa mama yake, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyebaki peke yake Bukavu tangu wenye bunduki waingie mjini. Sikujua alikuwa na haki ya kumleta, maana baada ya miaka kumi na mitatu Durban alikuwa amepata ukaazi wa kudumu. Ila haki yenyewe ilikuwa na bei. Alipaswa kuonyesha, kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, randi elfu nane na mia tano zinazobaki baada ya kodi na chakula chake mwenyewe. Yeye alibakiwa na elfu mbili na ushee. Ni msusi gani wa Durban anayebakiwa na elfu nane, ofisi haikusema.

Hakuna aliyeuliza ni robo ipi. Mama ndiye aliyechagua. Baada ya wiki mbili dereva wa lori aitwaye Glody alileta mzigo kutoka Bukavu: mfuko wa sambaza, samaki wadogo wakavu, na, chini yake, ndani ya kitenge, mikono miwili iliyoishia kwenye viwiko, kucha zimekatwa vizuri. Sikujua akalipa nauli ya mzigo, akaiosha mikono kwa sabuni kuondoa harufu ya samaki, akaiweka juu ya meza ya vitana.

Marie-Claire, mwenye saluni, aliitupia jicho.

"Hii iko ya nani?"

"Ya mama."

"Inajua kusuka?"

"Hii njo ilinifundisha mimi."

"Sharp. Ikae kiti cha dirishani."

Ilijua kusuka, tena sana. Ilivuta nywele tangu kwenye ngozi, kama ilivyomvuta Sikujua utotoni mpaka nyusi zikapanda, na haikupiga soga wala kushika simu. Wateja walitoka South Beach wakapanga foleni hadi barabarani. Wanafunzi wa Kikenya wakaweka nafasi za wiki nzima. Marie-Claire, ambaye hakuzaliwa jana, akapandisha bei. Malipo ya mikono yaliingia kwenye akaunti ya Sikujua, na kila mwezi, kwa miezi mitatu, alibakiwa na elfu nane na mia tisa.

Huko Bukavu jirani alimlisha mama, akamwogesha, akamshikia simu sikioni. Mama alisema ni aibu ndogo, ya muda.

Bertrand, aliyejazia watu fomu katika duka la simu jirani na saluni, alichapisha karatasi za benki, akazibana na kuzipiga kofi la kuzipongeza. "Hapa haiko cha kukataa," alisema. "Mama anakuja muzima."

Jibu la pili lilikuja haraka. Kipato kinatosha. Mwombaji afike mwenyewe katika kituo cha maombi nchini kwake, ndani ya siku thelathini, atoe alama za vidole vyote kumi.

Sikujua alitia mikono ya mama kwenye mkoba akaenda ofisini. Alisimama kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba. Karani alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Alama huchukuliwa nchini kwa mwombaji," karani alisema.

"Vidole hivi hapa. Kumi. Hesabu."

Karani akavihesabu. "Ni kumi. Lakini mwombaji yuko Kongo."

"Nikivirudisha kwake?"

"Virudishe. Ila kipato hukaguliwa tena siku ya uamuzi." Karani akatazama skrini. "Bila hii mikono, unabakiwa na kiasi gani?"

Mashine ya alama ilikuwa palepale mezani, taa yake ya kijani inawaka. Mikono ilinyoosha vidole kuielekea. Karani akaisogeza mashine nyuma kidogo, kwa upole.

"Eish, dada. Mimi nafuata utaratibu tu."

Bertrand naye aliposikia habari hiyo alikuna kichwa. "Mikono ikienda, haiko pesa. Ikibaki, haiko vidole." Akafunga faili. "Pole, dada Sikujua. Tuanze upya, miezi tatu ingine."

"Tuanze upya na nini, Bertrand?"

Sikujua alikuwa amechoka, amechoka kupita maelezo, kupewa pole na watu wanaokaa na mama zao nyumba moja.

Siku ya thelathini iliangukia Jumamosi, na saluni ilikuwa imefurika. Mikono ilikuwa katikati ya kichwa cha mteja Sikujua alipopiga simu.

"Mama, siku zimekwisha. Niirudishe?"

"Irudi kufanya nini? Acha itumike. Huku iko baridi. Ishike kidogo, mwanangu."

Sikujua alimwomba mteja radhi, akaitoa mikono kwenye nywele, akaishika yote miwili. Ilikuwa na joto, inateleza mafuta. Ikamkamata kwa nguvu.

"Unasikia?"

Kule ng'ambo jirani alihamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine.

"Hapana," mama akasema. "Lakini usiachilie."

Sikujua hakuachilia. Mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, alitazama saa ya ukutani akauliza kama watachelewa sana.