Amina ya Ndila

Ndila Kimeu alimuua mgonjwa wake wa kwanza kwa kumwombea. Bahati yake, mgonjwa alikuwa wa plastiki.

Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo katika chuo kimoja huko Wote, Makueni, wanakofundishwa paramediki, wale watu wa ambulensi. Mgonjwa alikuwa mwanasesere mkubwa ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mheshimiwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulala mdomo wazi huku wengine wakitoka jasho. Ndila alipiga magoti, akamwita, akamtikisa mabega, akatega sikio kusikiliza pumzi. Hakuna. Akaweka mikono kifuani tayari kukandamiza. Hapo mwanafunzi mwenzake Mulinge, aliyepangwa kuigiza jamaa wa mgonjwa, akainua mikono juu na kulia, "Jameni, tufunge macho tuombe!"

Na Ndila akafunga macho.

Hakukusudia. Macho yalijifunga yenyewe, kichwa kikainama, mikono ikatoka kifuani mwa Mheshimiwa na kushikana. Wewe usimcheke. Mtu yeyote aliyelelewa Kanyangi nyumbani kwa Mzee Kimeu, baba yake Ndila, angefanya vivyo hivyo. Mzee huyo wa kanisa alisifika kwa maombi marefu: ukifunga macho chai ikiwa moto, unafungua ukute imeshika utando. Na kwake hapakuwa na utovu wa adabu uliozidi kufungua macho kabla ya Amina.

Ndila alipoyafungua, Mwalimu Abukar alikuwa amesimama mbele yake, mikono kifuani. Abukar alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo kule Tseikuru, na kabla ya kufundisha alikuwa amekula vumbi miaka mingi ndani ya ambulensi.

"Ndila, huyu mtu amekufa."

"Mwalimu, nilikuwa na..."

"Najua ulikuwa unafanya nini. Hata mimi ni mtu wa kuomba. Lakini huku kwetu mtu akianguka, lazima kuna mwenye atasema tuombe. Ndiyo maana niliweka hiyo kwa mtihani. Sasa ukifunga macho, nani anaangalia mgonjwa?"

Ndila akapewa nafasi moja ya kurudia mtihani baada ya likizo. Akianguka tena, afunge virago.

Nyumbani, Mzee Kimeu alisikiliza habari hiyo huku uso ukizidi kukunjamana. Alimwita Ndila "mwaitu", yaani mama yangu, kwa kuwa alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee huyo. Hata akiwa na hasira hakumwita vingine.

"Mwaitu, yaani umeangushwa sababu umeomba?"

"Si hivyo, Baba. Nimeangushwa sababu nimeacha mgonjwa."

"Mgonjwa ni wa Mungu. Kama hiyo kazi ni ya kukatiza watu maombi, afadhali ukae hapa tupalilie ndengu."

Maneno hayo yalimchoma Ndila kuliko kuanguka kwenyewe. Aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Basi kila siku alilaza gunia la ndengu sakafuni, akalikandamiza huku akisali kwa sauti, akijilazimisha kukodoa macho. Na kila akifika "jina lako litukuzwe", kope zilijifunga kama mlango usio na komeo. Alilia juu ya lile gunia, akafuta machozi, akaanza upya.

Jumapili ya shukrani ya mavuno ikafika. Baada ya ibada, waumini walibaki kanisani kula. Mbuvi, kiongozi wa kwaya, jitu la sauti nene na tumbo la heshima, alikuwa akitafuna nyama ya mbuzi na kucheka kwa pamoja, mambo mawili ambayo mama yake alimkataza tangu utotoni. Ghafla kicheko kikakatika. Akasimama, mikono shingoni, macho yamemtoka. Hakukohoa. Hakutoa sauti yoyote.

"Mpeni maji!" mtu akapiga kelele.

"Asipewe maji!" Ndila alisema akiinuka, lakini sauti yake ilimezwa, maana Mzee Kimeu alikuwa tayari amesimama, mkono juu.

"Ndugu zangu, tufunge macho, tuombe! Ee Baba uliyeumba mbingu na nchi..."

Kanisa zima likainama. Macho ya Ndila nayo yakajifunga.

Gizani mle, akalisikia swali la Abukar: nani anaangalia mgonjwa?

Akayafungua. Vichwa vyote vimeinama, kope zote zimefungwa, na katikati yao Mbuvi peke yake, midomo inageuka rangi, akimtazama. Walikuwa wawili tu wanaoona. Ndila aliogopa, aliogopa sana, lakini zaidi alimwogopea Mbuvi. Baba yake ndiyo kwanza alikuwa amefika kwa Ibrahimu, na Isaka na Yakobo walikuwa bado njiani.

"AMINA!" Ndila akapaza sauti.

"Amina!" kanisa likaitikia, na macho yote yakafunguka.

Mzee Kimeu akabaki mdomo wazi. Ndila hakumpa nafasi. "Baba, mshike mabega, asianguke! Wengine rudini nyuma!" Na mzee, ambaye hakuwahi kuamrishwa na mtoto, akashika. Ndila alimwinamisha Mbuvi na kumpiga mgongoni kwa kitako cha mkono, tena na tena. Wapi! Akapita nyuma yake kumzungushia mikono, lakini lile tumbo la heshima halikuzungushika. Akapanda juu ya benchi, akamkumbatia kifuani, akavuta kwa nguvu zote alizozifanyia mazoezi kwenye gunia. Mara moja. Tena. Tena.

Pande la nyama likaruka na kumgonga Mzee Kimeu kwenye tai.

Mbuvi akavuta pumzi iliyosikika hadi sokoni. Vigelegele vikapasua paa. Ndila alishuka benchi, akajikuta ana kwa ana na baba yake, akainamisha kichwa kungoja radi.

"Mwaitu," mzee alisema polepole, "hiyo Amina ilikuwa yangu."

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Umeisema kwa wakati."

Huko Wote, siku ya kurudia mtihani, Mwalimu Abukar aliigiza jamaa wa mgonjwa yeye mwenyewe. Akalia, akajipiga kifua, akasema tuombe. "Amina!" akajibu Ndila bila kuinua kichwa, mikono yake ikimkandamiza Mheshimiwa. "Sasa mzee, enda barabarani uonyeshe ambulensi njia!" Abukar alianza kutoka kweli, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye mtahini. Aligeuka akicheka. Ndila alikuwa amepita.

Alipohitimu, Kanyangi ilijaa nyumbani kwao. Chai ikamiminwa, mandazi yakapangwa, na Mzee Kimeu akaombwa afungue kwa sala. Vichwa vikainama. Ndila, kwa mazoea yake mapya, akabaki ametazama.

Baba yake naye alikuwa ametazama. Aliomba macho wazi, akimpitia mtu mmoja mmoja, akamkagua Mbuvi kwa muda, kisha akafika kwa binti yake. Macho yao yakakutana na yakabaki hapo, na Ndila alijaa furaha.

Mzee aliposema Amina, chai ilikuwa bado moto.