Vistari vya Chaki

Kidole cha mama mkubwa kilisimama hewani juu ya kioo cha tableti. Kikashuka, kikagusa maneno WATU WANGU. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akaisukuma tableti pembeni, akageukia ukutani, nami nikamwelewa bila kuambiwa: koo lake limemnyima sauti, na hili koo la kuazima nalo limemnyima.

Koo hilo la kuazima nililitengeneza mimi. Kazi yangu ni kupanga maneno na vitufe kwenye simu za watu, na daktari aliposema baada ya upasuaji kwamba sauti yake haitarudi, niliishughulikia tableti ile hadi kila neno likasema: maji, maumivu, kula, nyumbani. Chini ya WATU WANGU niliweka majina yetu. Vichwa vya orodha kama hicho havikusema kitu, vilikuwa vya kuelekeza tu. Lakini vichwa na maneno, vyote nilivipa wino mmoja mweusi, safi, bila pambo, nikajiona fundi.

"Bonyeza tu, mama, usiogope," muuguzi alimbembeleza. "Jaribu lolote."

Hakugeuka. Mwanamke aliyeweza kumaliza gauni pamoja na umbea wa mtaa mzima kwa pumzi moja sasa hakutaka hata kujaribu. Kusema kweli niliogopa. Nilimwona akiniponyoka hivihivi, yungali hai.

Ndipo nikaona ukucha wake. Ulikuwa ukitembea kwenye pindo la shuka la hospitali, lililoshonwa ovyo, ukigusa palipo na uzi, ukiruka palipo wazi, ukigusa, ukiruka.

Alinilea chini ya meza yake ya kukatia nguo, nikiokota pini zilizoanguka. Akaniita Pini, kwa sababu hiyo na kwa wembamba wangu. Kutoka kule chini nilimsikia akiwafokea wanagenzi wake: "We! Kitambaa hakina chaki, unakigusia nini? Mkasi unafuata alama, haufuati hamu yako!" Kwake yeye, kitambaa kisicho na alama kilikuwa bado kimelala. Palipopita vistari vyake vyeupe, hapo ndipo mkono uliporuhusiwa.

Nilichukua tableti, nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikafanya kazi ndogo kuliko zote nilizowahi kufanya. Chini ya kila neno linalosema nilipitisha vistari, vifupi vifupi, kama vya chaki. Vichwa nikaviacha vitupu, nikavififisha. Nikamwekea mapajani.

Kwanza aliitazama kwa jicho la pembeni. Kisha akaivuta. Kidole kikapita juu ya WATU WANGU bila kusimama, kama mtu anayepita mlango wa jirani, kikateremka hadi kwenye vistari vya kwanza. Kikabonyeza.

"Pini," ikasema tableti.

Muuguzi alibaki na bandeji mkononi. Mimi nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua, laini mno, isiyo na mkwaruzo hata mmoja wa mama mkubwa, lakini aliyeniita alikuwa yeye, na macho yake yalikuwa kwangu. Nilishangaa hata nikasahau kuitika.

Kidole hakikutulia. Kikatafuta, kikapata vistari vingine.

"Kula."

Nikamgeukia muuguzi haraka, maana neno hilo nililiweka ili mgonjwa aombe chakula. Mama mkubwa akanidaka mkono. Akauzungushia vidole vyake kwenye kifundo, kama anapima mkono wa shati, akaona vilivyokutana kwa urahisi, akatikisa kichwa. Kisha akabonyeza upya, moja baada ya jingine, na safari hii akakaza kidole.

"Pini. Kula."

Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuanza na kicheko, nilianza na machozi yenyewe. Neno nililompa aombee, alikuwa ameligeuza amri, na kwa amri hiyo alikuwa amerudi mzima mzima, na ukali wake, na mapenzi yake, na vidole vyake vya kupimia.

"Naam, mama," nikaitika, kwa kuchelewa. Nikatoka kwenda kutafuta chakula.