Mtungi wa Corliss

...apande tu, Mungu wangu, apande salama, mapovu yanaonekana, yale pale karibu na mizizi, na anayetoa mapovu anavuta pumzi, anayevuta pumzi yuko hai, na Rhoda kakaa ukingoni mwa chemchemi, miguu majini, anayahesabu mapovu na hajui kwa nini, Corliss kazamia humu miaka nenda miaka rudi, na gesi ya kupumulia mtungini kaichanganya mkewe mwenyewe... “Shemeji, njoo ule karanga, zinapoa,” anasema Tully, kaka yake Corliss, kajibwaga nyuma ya pikapu, hana wasiwasi hata chembe... asubuhi geji ya presha iliwafia, basi Rhoda akasema nitapima kwa mizani, hesabu ya shule tu, sehemu kumi za gesi, nane heliamu, mbili oksijeni, atomu ya heliamu uzito wake nne, nne mara nane thelathini na mbili, ya oksijeni kumi na sita, mara mbili, thelathini na mbili, uzito sawa kwa sawa, akafurahi... kipima oksijeni nacho hakina betri, Corliss akacheka, “Nipime nini tena, na mke wangu kashapiga hesabu?”... sawa kwa sawa, mbona inamkera hiyo, kumi na sita, kumi na sita ni atomu moja, heliamu ndiyo inayotembea peke yake, oksijeni hutembea mbilimbili, mbilimbili, kila jozi thelathini na mbili, jozi mbili sitini na nne... geji husoma presha tu, haijali nani kafuatana na nani, lakini mizani, ee Mola, kamtilia nusu, mume wake kampa nusu ya pumzi... na pale ngazini alipoyumba, akiujaribu mtungi kabla ya kuzama, na kile kisauti chembamba cha heliamu, wakamcheka, Tully akamwambia umelewa asubuhi yote hii, kumbe pumzi haimtoshi... lakini mapovu bado, kwa nini bado, kwa sababu kule chini maji yanaikandamiza gesi, inamwingia nzito, hata nusu inamtosha, chini yuko salama, ni huku juu, mita chache za mwisho, ndipo atakapozimika, bila hata kujua... “Shemeji, unaongea na nani?”... “Nipe mtungi wako wa hewa, na miwani. Sasa hivi, Tully, nampelekea”... kanyoosha mkono, hajageuka, anaogopa akigeuka yatakoma, mapovu yale yale, pale pale, na midomo iliyokuwa ikiomba apande inaomba mengine, baki, mume wangu, baki huko huko chini, nakuja, usipande.