Kona ya Ukuta wa Makaburi

Areti hakuwa mtu wa kudanganya picha. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua picha ya kale ya kijiji cha Drosochori, kupanda kilima cha Nabii Eliya, kusimama pale pale aliposimama mpiga picha wa zamani, kupiga mpya, kisha kuzilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka migongo ya milima ioane. Milima ikishaoana, mengine yote hujipanga yenyewe. Kijiji kilichobomolewa ili yachimbwe makaa ya mawe kinarudi paa kwa paa, kikielea juu ya shimo la mgodi. Watu waliohamishiwa kijiji kipya, chenye barabara zilizonyooka na nyumba zisizo na tofauti, walikuja kwenye maonyesho yake kulia, na walilia kwelikweli.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya Wafu, ambapo marehemu huombewa na ngano iliyochemshwa hugawiwa kanisani, alikuja shangazi yake, Polixeni, na picha ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shangazi! Umeniletea ngano ya wafu?"

"Ngano utakula kanisani kama wenzako, mlafi we. Kaa chini."

Ilikuwa picha ya makaburi ya kijijini. Shangazi aliweka kidole nje ya ukuta, kwenye kona, chini ya mforosadi.

"Hapa nina mtoto."

Areti alikodoa macho. Miaka yote arobaini ya maisha yake alimjua shangazi huyu kuwa hakujaliwa kuzaa, na kijiji kizima kilimhurumia hivyo, wengine kwa midomo tu.

"Aliishi siku mbili," Shangazi alisema. "Alikufa kabla ya kubatizwa, na wasiobatizwa hawakulazwa ndani. Mama mkwe akamzika nje ya ukuta, bila msalaba. Mgodi ulipokuja, padri alituita familia moja moja tutaje wafu wetu, wafukuliwe, mifupa ioshwe kwa divai ihamishwe. Nikamtaja baba mkwe, nikamtaja mama mkwe. Mtoto hakuwa na jina. Ningetaja nini?"

"Si ungesema tu?"

"Ungesema wewe uliyesoma! Mume wangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ananiangalia." Alijifuta pua. "Mwanangu, nina miaka themanini na moja na moyo wangu umechoka. Nionyeshe kona hiyo iko wapi leo. Niende nikamwashie mshumaa mara moja tu kabla sijafa."

Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Milima ilioana vizuri, na kona ya ukuta ikaangukia katikati ya shimo, hewani, mita themanini juu ya matope meusi. Areti alipima mara tatu. Udongo ule ulishabebwa na mashine zamani sana, ukamwagwa pasipojulikana, na mtoto alikwenda nao. Alilia peke yake mbele ya kompyuta kama aliyepigiwa simu ya msiba.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliivuta picha ya kale upande wa kushoto, mita mia nne nzima, mpaka kona ikatua kwenye nyasi za ukingoni, karibu na uzio. Milima ilikataa kuoana, naye akaifunika kwa mawingu.

Kesho yake Shangazi aliigusa picha kwenye kioo.

"Kuna nyasi," alisema.

"Ndiyo, Shangazi. Kuna nyasi."

"Nilikuwa naogopa mashine zimemla."

Jumamosi, walipotoka kanisani, Areti alimpeleka kwa gari. Shangazi hakuweza kupiga magoti, akaketi chini mzimamzima na gauni lake jeusi la kanisani. Upepo ulizima mshumaa mara tatu. Areti alivua koti, akaukinga.

"Nimechelewa, baba," Shangazi alimwambia mtoto. "Usinikasirikie. Mama alikuwa mwoga."

Alikaa muda mrefu akizipapasa nyasi. Halafu akainua uso. "Una hakika ni hapa?"

Hapo ndipo Areti angeweza kusema ukweli.

"Nina hakika, Shangazi."

Bibi yule alichimba kwa vidole, akajaza leso udongo, akaifunga mafundo mawili. "Nikifa, uniwekee kifuani. Usimwambie padri, atatuletea maneno. Unayejua mahali hapa ni wewe peke yako."

Areti aliipokea kwa mikono miwili. Udongo ule ulimwagwa hapo na malori ya mgodi mwaka juzi tu, kutoka wapi hakuna ajuaye, na kokoto zake zilimchoma viganjani kupitia kitambaa. Alijichukia, na bado asingeweza kusema. Alimwinua Shangazi, akampangusa gauni, akamfunga mkanda wa gari. Njia nzima yule mama alikuwa akitabasamu na kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembelezea watoto, na Areti, akiwa ameshika usukani, hakuweza kumtazama.