Miguu ya Kapteni

...ama uchukue skrini, anasema, skrini tatu, moja mbele na mbili ubavuni, uone dunia yote vile inakukujia, na mimi naitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza, ilhali ninachokiona ni uso wa Kapteni Abdulrauf, aliyemfundisha binti yangu urubani, uso ule mpana wenye ndevu zilizochongwa vizuri, na ninachotaka kujua ni kitu kimoja tu, kati ya hivi viwili kipi kitauumiza uso huo zaidi, skrini au pedali za kuendeshea ndege ya kompyuta, kwa maana pesa za vyote viwili sina, lazima nichague, na huyu mama, Kaindi, jina lake ameliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda chake, amechoka kunisubiri, anapangusa kisanduku cha pedali kwa ukingo wa sweta, na nje barabara ya Luthuli nzima inapiga kelele, kila duka linajaribu spika zake kwa wakati mmoja, mtu hasikii hata akili yake... Mzee wangu, ananiuliza, kwani nani ataendesha hii ndege, ni wewe? Nikamwambia ni mgeni, kuna mgeni anakuja nyumbani Ijumaa. Akacheka. Huyo ni mgeni wa maana, akasema, mimi wageni wangu nawapea chai... Hata mimi nitampa chai, mama, nitampa chai ya maziwa yenye iliki, nitampa biriani, nitamnawisha mikono kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu Ijumaa ni hitma ya mwaka mmoja tangu binti yangu afariki na mgeni ni mgeni, atasikiliza Qurani akiwa ameketi katikati ya wazee wa msikiti, ataitikia amina na dua ikifungwa nitasimama, polepole, sina haraka, na nitasema, Kapteni, tafadhali, kuna kitu cha marehemu nataka ukione, nao wazee watanyanyuka wanifuate kwa heshima, mpaka chumbani kwa Nisreen, pale meza yake ilipo, na kompyuta yake, na kile kijiti cha kuendeshea alichokuwa akikizungusha kwa mkono wa kulia huku ulimi ameutoa kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika, alikiita chombo chote kile ndege ya mezani, Baba usiguse ndege ya mezani, na mimi sikuigusa, wallahi, mpaka alipokufa ndipo nilipoigusa... mimi niliyesoma mpaka darasa la saba, muuza kanzu na kofia, nilijifundisha kuiwasha, nikajifundisha kuchagua uwanja uleule na ndege ileile ndogo, na nikajifundisha kuweka upepo, upepo wa siku ile aliyoanguka, wa kutoka kushoto, mkali, unaoivuta ndege kando wakati magurudumu yanakaribia kugusa chini, na kila siku baada ya Alasiri nafunga mlango nairusha na kuitua, na kila siku inatoka njiani inakwenda majanini, na Mungu anisamehe, kila inapokwenda majanini moyo wangu unafurahi, nasema, unaona, Kapteni, upepo huu si wa mwanafunzi, ulimtuma peke yake katika upepo huu... Ijumaa atakaa yeye kwenye kiti hicho, mbele ya wazee, aende majanini naye. Hii kadi ya picha pia iko poa, anasema Kaindi, lakini kompyuta ikiwa ya zamani haitasaidia, mimi sikudanganyi mzee wangu, wengine hapa watakudanganya... lakini najua atakachosema Abdulrauf, kwa kuwa ana mdomo, atacheka kile kicheko chake kifupi cha puani, atasema, Mzee Naeem, hiki ni kijiti cha watoto, ndege ya kweli hainyooshwi kwa mkono bali kwa miguu, ina pedali, na wazee watatikisa vichwa kwamba kweli, kapteni ndiye ajuaye, na mimi nitabaki nimesimama katika chumba cha mwanangu kama mpumbavu. Ndiyo maana niko hapa. Nimekuja kumwondolea udhuru. Skrini nazitamani, sitaficha, nazitamani kwa sababu aione ardhi inavyomjia kama alivyoiona Nisreen, kushoto majani, kulia majani, mbele ule uzio, na nikifikiria hilo nasikia utamu mdomoni na nasema astaghfirullah, na utamu hauondoki... Nabiha mke wangu anajua. Hakuambiwa, anajua tu, chumba kile haingii, huacha sahani mlangoni na kugonga, Baba Nisreen, kula, na juzi aligonga akasema, mwachie Mungu mtu huyo, nikamjibu nimeshamwachia Mungu, lakini Mungu hakunikataza kumwalika chakula, nikasikia kandambili zake zikiondoka. Hajui nilichokisikia siku ya mazishi, wanawake walikuwa ndani nyumbani, sisi tulikuwa uani msikitini, jeneza mbele yetu, na ndugu yangu Munir akasimama kama ilivyo desturi, akasema, ndugu zangu, marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, ikiwa alimkosea yeyote hapa kwa kujua au kutojua tunamwombea msamaha, na watu wote wakaitikia kwa pamoja, tumemsamehe, sauti moja, nzuri, nilihisi imeninyanyua kutoka chini... halafu ile sauti ikatulia na nyingine ikaja nyuma yake, peke yake, na mimi nimemsamehe. Abdulrauf. Na mimi nimemsamehe. Akasema na mengine, sijui hata hasara ya ndege ameisamehe, sijui hayo mengine yote, lakini mimi sikuyasikia vizuri kwa kuwa masikio yangu yalikuwa yamejaa yale ya kwanza, amemsamehe, amemsamehe mwanangu, mwanangu amelala mbele yake katika sanda na yeye ndiye anayesamehe, na watu wakamwangalia kwa huruma, wengine walimpa mkono, kapteni maskini, amepoteza mwanafunzi na ndege. Na wachunguzi walipomuuliza aliwaambia hivyohivyo, kwa upole, miguu yake ilichelewa, alikuwa msichana mzuri lakini siku ile miguu yake ilichelewa... miguu ya nani, we mwongo, miguu iliyopanda ngazi za ghorofa yetu pale Dagoretti Corner ikiruka moja, miguu niliyoiosha... hapana, mama yake na shangazi zake ndio waliomwosha, mimi niliambiwa tu kwamba miguu haikuwa na jeraha, shangazi yake alitaka kunifariji, akasema, miguu ilikuwa mizima, kaka, kama ya mtu aliyelala.

Mzee wangu. Mzee. Kaa chini ujaribu, kukaa ni bure, anasema Kaindi, na ameshateremsha zile pedali sakafuni, chuma tupu, nyeusi, nzito mpaka amezikokota kwa mguu, ananisogezea kiti cha plastiki, nami nikakaa, na bila kufikiri nikavua viatu. Ah, wacha viatu mzee, watu hukanyaga na viatu, hii si msikiti. Nikamwambia nimezoea. Akasema haya, ukitoka nyumbani na soksi safi unaweza vua mahali popote, akacheka mwenyewe... na soksi zangu ni safi, Nabiha anahakikisha, nikaweka miguu, chuma kina baridi, nikasukuma wa kushoto kama mtu anayejaribu barafu ya friji kama imeganda, na wa kulia ukanyanyuka. Ukanisukuma. Ule mguu wangu wa kulia niliokuwa nimeuweka tu, bila kuutuma, ukarudishwa nyuma kuelekea goti, kama vile kuna mtu upande wa pili anakanyaga, nikashtuka nikaangalia chini ya meza, kweli, niliangalia kama kuna mtu. Hakuna mtu, mzee, anasema Kaindi, zimeshikana, ukisukuma hii, hii ingine inarudi, ndio inafaa kuwa hivo, na kwa ndege ya ukweli ya kufunza ziko nne, za mwalimu na za mwanafunzi, zote zimeshikana, huyu akikanyaga huyu mwingine anasikia kwa miguu, kuna rubani hununuanga hapa ndio aliniambia... anaendelea, anasema juu ya springi za chuma zilizo ndani, zinavyoweza kukazwa, lakini mimi sipo tena, miguu yangu ipo na mimi sipo, nasukuma wa kushoto, wa kulia unarudi, nasukuma wa kulia, wa kushoto unarudi, na ninasikia sauti ya Nisreen mezani, siku ile ya wali wa nazi, Baba, leo upepo ulikuwa mkali kweli lakini ndege ilinyooka, mwanzoni nilikuwa naogopa pedali, sasa nikitua na Kapteni zinakuwa nyepesi, zinakwenda zenyewe, mimi naweka miguu tu na zinakwenda, Kapteni anasema mwili wangu umeshajua. Umeshajua. Na sisi tukasema alhamdulillah, mama yake akainuka akafukiza ubani... zinakwenda zenyewe... mimi nimeshika kijiti mwaka mzima, nimezungusha kwa mkono kila baada ya Alasiri, na kwa mkono nisingejua, nisingejua hata ningetua mpaka kiyama, hakuna kitu chochote duniani kinachokwenda chenyewe, mwanangu, kilikuwa kinasukumwa. Miguu ya Kapteni ilikuwa pale. Viatu vile vyeusi vya kung'aa anavyoviacha mlangoni mwa msikiti vilikuwa juu ya pedali za upande wa pili, vinasukuma, kila upepo ulipokuja vinasukuma, na yeye Nisreen alidhani ni yeye. Siku ile Kapteni akamtuma peke yake, na ule upepo ukaja, na akaweka miguu, na akangoja. Alingoja... hapana, alingoja kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, alingoja pedali ziende zenyewe. Miguu yake ilichelewa. Kumbe Kapteni alisema kweli. Mwaka mzima namwita mwongo na alisema kweli, ilichelewa, ilichelewa kwa sababu ilikuwa inaingoja miguu ya Kapteni, na yeye alijua, wakati anawaambia wachunguzi kwa upole alijua, wakati anasema na mimi nimemsamehe alijua, sasa nakumbuka alikuwa ameinamisha kichwa, nilidhani ni adabu ya mazishi, alikuwa akiangalia chini, alikuwa akiiangalia miguu yake.

Sio mbaya, ama? anasema Kaindi. Si mbaya, nasema. Sauti yangu imetoka mahali pengine... na mimi ninajua jinsi inavyofanywa, hilo ndilo linalonichoma, naijua kazi hiyo, cherehani ya mama yangu bado iko pale nyumbani karibu na dirisha, ya kukanyaga, ile ya bamba la chuma chini, na Nisreen akiwa mdogo nilikuwa namketisha mapajani, namwambia weka miguu yako juu ya yangu, nakanyaga, sindano inakwenda tatata tatata kwenye upindo wa kanzu, na yeye amekaza uso, anamwita mama yake, Mama njoo uone, nashona mwenyewe. Nashona mwenyewe. Nabiha anakonyeza jicho, namwacha aamini, ni raha gani ile, kumwacha mtoto aamini, labda hata Kapteni alianza hivyo, labda alimpenda pia, alitaka afurahi, au alitaka wamalize upesi aje mwanafunzi mwingine, sijui, hilo atalijibu mwenyewe mahali pa kujibiwa... lakini mimi nilimwambia. Siku nilipotoa miguu yangu nilimwambia, nilisimamisha gurudumu kwa mkono, nikasema, mwanangu, sasa naondoa miguu yangu, sukuma wewe. Akasukuma, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajifunga fundo, sindano ikakwama kwenye kitambaa, na akageuka kuniangalia, hakulia, alikasirika, macho yale makubwa, akasema, kumbe ulikuwa wewe. Akaninunia mpaka Magharibi. Na baada ya siku chache akaanza kushona. Maneno mangapi hayo, naondoa miguu yangu, sukuma wewe, ni mazito kiasi gani mtu ashindwe kuyasema kwa msichana kabla ya kufunga mlango wa ndege... Basi Ijumaa sitamkalisha kwenye kiti cha Nisreen. Sitaki tena aende majanini. Akianguka watasema ni mchezo, asipoanguka watampigia makofi, na yeye anatua tangu kabla mimi sijajua pedali ni nini. Nitakaa mimi. Nitakaa kwenye kiti cha mwanangu nimevua viatu, na yeye nitamwomba, kwa adabu, Kapteni, sogeza kiti hapa pembeni yangu, vua na wewe, weka miguu yako juu ya yangu, nifundishe kutua kama ulivyomfundisha. Mbele ya wazee. Aweke. Na upepo utakapokuja nitamwangalia yeye, si skrini, nitasikia kwa miguu yangu kama anasukuma au hasukumi, na yeye atajua ninasikia, na hapo nitamwambia kwa sauti ndogo yale ambayo binti yangu hakupata muda wa kugeuka na kumwambia. Kisha nitangoja. Walimwombea Nisreen msamaha, hakuna aliyeuliza kama yeye mwenyewe amesamehe, na haki yake haikuzikwa naye, iko kwangu, niliachiwa, na Mungu mwenyewe hamsamehei mtu kwa niaba yangu mpaka aje kwangu aiombe. Aiombe. Aiombe kwa mdomo wake, kwa sauti ileile aliyosamehea. Na akiiomba... sijui. Jana nilikuwa najua, nilikuwa najua kabisa jibu langu, leo sijui, utamu ule mdomoni umeondoka na sijui umekwenda wapi, imebaki miguu tu na baridi ya chuma, wa kushoto, wa kulia, unakwenda wenyewe na hauendi wenyewe. Mzee wangu, umelala? anasema Kaindi, hizi ama skrini? Nje spika zimenyamaza kidogo, labda umeme, labda adhana inakaribia. Bado nimekaa, viatu vyangu viko pembeni, vimetazama mlango, na nasukuma tena wa kushoto, taratibu, na wa kulia unanisukuma, na nasema bila kutoa sauti, kumbe ulikuwa wewe.