Farasi Wanane wa Kitabuni

Eti nichore mazishi ya Wazungu wa kale, mimi, na dadangu amelala ndani ya sanduku!

Lamar, binti wa madam ninayemfanyia kazi za ndani hapa Saudia, alipewa kazi ya shule: achore msafara wa mazishi kutoka riwaya moja ya zamani ya Kiingereza. Madam anajua nilikuwa nikichora mabango ya vinyozi kule Kakamega. Akanitandikia karatasi mezani jikoni, hapa Aziziya, akachukua simu yangu. "Ukimaliza utaipata. Yalla, anza, Jerioth."

Nikamweleza wazi. Dadangu Rosebellah amefia kazini Riyadh, mtaa wa Suwaidi, na leo alasiri anapandishwa ndege. Kwetu marehemu haondolewi alikofia bila ndugu yake kumwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Asipoitwa, mwili utaenda, yeye atabaki. Elphas, kijana wa kwetu anayeendesha lori huko huko Riyadh, mtaa wa Sulay, angeweka simu juu ya jeneza nimwite.

"Basi chora haraka," madam akasema, akitema maganda ya mbegu.

Nikachora. Gari la vioo, farasi wanne weusi wenye manyoya kichwani, na wanaume wa kofia ndefu ambao, Lamar aliniambia, walilipwa kutembea na nyuso za huzuni. Mtu analipwa kuhuzunika! Ptu!

"Farasi wachache," madam akasema. "Ongeza wanne. Huyo alikuwa mtu mkubwa."

Marehemu wa kitabuni, asiyewahi kuvuta pumzi hata moja, anaongezewa farasi! Lakini ningefanyaje? Nikaongeza.

Simu niliipata adhana ya magharibi ikilia. Elphas alikuwa ameniachia ujumbe wa sauti. "Jerioth, nimekungoja mpaka wakanifukuza. Halas, basi tena, wamemchukua. Nimejaribu kumwita, lakini mimi si wa tumbo lenu. Pole sana."

Machozi yangu sikuwapa. Nilichukua kalamu ya wino ya Lamar, nikamchora mwanamke mmoja nyuma ya jeneza, amevaa aproni, miguu mitupu, mdomo wazi.

Madam akainama kutazama. "Nani huyu?"

"Dadake marehemu. Anamwita."

"Kitabuni hayumo. Mfute."

"Ni wino, madam. Hafutiki."