Ganzi Miguuni mwa Kaluki

Kaluki alikuwa akikaanga samaki wakati Mulinge, mumewe, alipochungulia jikoni.

"Kinaungua nini humu?"

"Si samaki. Labda kitambaa."

Kitambaa kilikuwa mahali pake. Mulinge akainama, kisha akamvuta mkewe kwa nguvu. Kaluki alikuwa amekanyaga kaa la moto lililodondoka, na wayo wake ulikuwa ukifuka moshi. Hakuwa amesikia kitu. Akapiga ukelele kwa hofu.

Kwa miezi mingi miguu hiyo ilikuwa ikiwaka kama iliyopakwa pilipili. Shuka ikigusa vidole, anauma meno. Hakumwambia mtu. Dawa za virusi vya Ukimwi alikuwa akizimeza kwa miaka bila kukosa, akilima shamba lao Msambweni, hata majirani wakasahau kwamba aliwahi kubebwa kwa machela. Lakini dada yake, marehemu Kanyiva, alianza hivyo hivyo: miguu kwanza, kisha akashindwa kusimama, mwisho akawa hawatambui wanawe. Kaluki aliona kwamba akinyamaza, jambo hilo halitakuwa kweli.

Sasa Mulinge alimpeleka kliniki. Daktari Zainabu, binti mpole, alifunga kidonda kwanza.

"Shikamoo, mama. Fumba macho. Nitakugusa kwa uzi mgumu, ukisikia, sema."

Kaluki akafumba, akangoja. Feni ilikuwa ikilia darini.

"Anza basi, daktari."

"Nimeshaanza, mama. Nimefika kwenye kifundo."

Kaluki akafumbua macho. Uzi ulikuwa umepinda ukiibonyeza ngozi yake.

"Niambie kweli, mwanangu. Virusi vimeshinda dawa?"

"Tupime damu kwanza."

Majibu yalipokuja, virusi vilikuwa vimelala. Zainabu alieleza kwamba mishipa ya fahamu ndiyo iliyoumia, pengine zamani, kabla hajaanza dawa, au kwa zile dawa za mwanzo zilizokwisha kuachwa.

"Moto tutaupunguza kwa vidonge. Ganzi siwezi kukuahidi."

"Itapanda juu?"

Zainabu akamtazama usoni. "Huenda. Ndiyo maana usinifiche tena."

Vidonge vilimpa usingizi. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, na kila asubuhi Mulinge alizikagua nyayo zake, akitafuta miiba ambayo mwenyewe hangeisikia. Lakini kabla ya ukaguzi huo, angali kitandani, Kaluki hujifinya mguu, kuanzia kifundoni kwenda juu, mpaka paume. Pakiuma, hushukuru.

Asubuhi moja hapakuuma pale alipopazoea. Akafinya tena, kwa kucha. Akapanda juu zaidi, akimwona Kanyiva amelala ubavu kwenye mkeka. Alitamani kuvuta shuka afunike miguu.

"Mulinge," akaita. "Ganzi imesogea. Nipeleke kwa Zainabu."